Msasa unajaa unga kabla mlango haujaisha

Fundi wa Nyakato: Wakuu, nina milango ya paini, napiga msasa namba 180. Nikipitisha kidogo tu karatasi imeshajaa, haikati tena. Mteja yuko Kirumba, simu haziishi. Nifanyeje?

Mzee wa Randa: Kijana, paini ina ulimbo. Ukikandamiza, joto linaulainisha unaganda kwenye msasa. Anza na 80 yenye chembe kubwa, uje 120, hiyo 180 iwe ya kumalizia. Mkono mwepesi! Na mbao zimekauka? Mvua hizi, mbao mbichi zitakumalizia boksi zima.

Fundi wa Nyakato: Shikamoo mzee. Zimekauka, ila mmoja una rangi ya mafuta ya zamani.

Mzee wa Randa: Marahaba. Huo ukwangue kwanza kwa skrepa. Rangi ikipata joto inavutika kama ubani uliotafunwa.

Boti Igombe: Sisi kwenye boti, rangi tunaipiga kwa msasa wa maji, ndoo pembeni, unachovya unasuuza. Vumbi pia halikuingii kifuani. Ila usijaribu kwenye mbao tupu, nyuzi za mbao zitasimama. Ule mkavu uliojaa, ukung'ute, kisha usugue kwa brashi taratibu. Usitupe.