Hivi azaki zetu zina sauti gani huko UN, au ni posho na kapelo tu?

Mwaloni_Kirumba:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni katibu wa kikundi cha dagaa hapa Mwanza, sasa kuna azaki (asasi ya kiraia) imetualika semina ya "mageuzi ya taasisi za kimataifa", Umoja wa Mataifa (UN), Shirika la Fedha (IMF), Benki ya Dunia na kadhalika, eti na wavuvi watoe maoni. Wenzangu wananicheka, wanasema unaachaje dagaa kwenye chanja na jua lote hili uende kumwambia nani wa New York abadilike. Wanaojua naomba mnijuze, hizi azaki zimewahi kubadilisha kitu huko juu?

Mzee wa Capripoint:
Kijana nenda ule pilau urudi. Baraza la Usalama la UN limepanuliwa mara moja tu, 1965, kutoka nchi 11 hadi 15, na veto (kura ya turufu ya wakubwa) haikuguswa. Ukitaka kuigusa lazima wale wanachama watano wa kudumu wenyewe waridhie, yaani unamwomba mwenye rungu alitupe. Afrika inadai viti viwili vya kudumu tangu 2005 kwenye makubaliano ya Ezulwini, mpaka leo tunapigwa kalenda. Na 1981 Salim Ahmed Salim wetu aligombea ukatibu mkuu wa UN akawekewa ngumu na Marekani raundi kwa raundi, tena Salim alikuwa na nchi nyuma yake, wewe una chanja.

bint_igoma:
😂😂 Mzee kweli tupu, ila umeishia Baraza la Usalama. Huko hata mimi sina hamu, Mei 2024 azaki zilijazana Nairobi zikatoa maoni weee, Septemba UN ikapitisha Mkataba wa Zama Zijazo na veto iko palepale. Lakini cheki Benki ya Dunia. Wanavijiji wa bonde la Narmada kule India waligomea bwawa, azaki za nje zikawabana wanaotoa hela, 1993 benki ikaunda Jopo la Ukaguzi, watu wawili tu walioumizwa na mradi wanaweza kulalamika bila kupitia serikali. Na hapa kwetu, REGROW, mradi wa utalii wa kusini uliofadhiliwa na benki hiyo kwa dola milioni 150, watu wa jirani na hifadhi ya Ruaha wakapeleka malalamiko ya kufukuzwa na kukamatiwa ng'ombe 2023, Aprili 2024 hela zikasimamishwa, Novemba mradi ukafutwa. Japo kufuta mradi hakumrudishii mtu ng'ombe wake.

sangara_mbichi:
Mbona mnaenda mbali, LVFO, shirika la uvuvi la Ziwa Victoria, ipo Jinja hapo na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ipo Kisumu. Kokoro (wavu wa kukokota) likipigwa ng'ambo samaki wanapungua huku, halafu BMU zetu (vikundi vya wavuvi vya kulinda mialo) zinakaa wapi kwenye hivyo vikao? Mimi ningeuliza hilo.

Mwaloni_Kirumba:
@bint_igoma hilo jopo ukiandika Kiswahili wanapokea?

bint_igoma:
Wanapokea, na ukitaka jina lifichwe wanaficha. Ila uwe umeshawalalamikia benki wenyewe kwanza, na mradi usiwe umefungwa zaidi ya miezi 15. Halafu ujue hela ni ya nani, kama ni Benki ya Maendeleo ya Afrika wana dirisha lao.