Beberu wa chama hashikishi mimba, na lawama zote ziko kwangu. Naomba ushauri

Mama Zizi, Emuhaya
Wafugaji wenzangu, hamjambo. Nafuga mbuzi wa maziwa hapa Emuhaya, upande wa Luanda, pamoja na akina mama wenzangu kumi na mmoja. Beberu wetu ni mmoja, chotara wa Toggenburg. Tulimwita Kipara kwa sababu alizaliwa bila pembe, na tulimchagua kwa hilo hasa, maana watoto wetu ndio wanaomchunga.

Kipara analala kwangu. Mwanzoni alishikisha majike wawili, ikaishia hapo. Anapanda vizuri, hana uvivu, lakini kila jike anarudi kwenye joto baada ya wiki tatu. Sasa ni majike tisa na hakuna hata mmoja aliyeshika. Chamani wanasema simlishi. Juzi mmoja alisimama akasema kuna mtu ana mkono mbaya. Nililia njia nzima hadi nyumbani. Majani yake nayakata alfajiri, kabla sijawashia watoto moto wa chai.

Jambo lingine, sijui kama linahusu: mama yake Kipara alikuwa amezaa kabla yake kwa beberu yule yule aliyemzaa Kipara, naye huyo wa kwanza hakuwa na pembe. Tulimdhani jike. Alipokua akaanza kupanda wenzake na kunuka kibeberu. Tukamuuza kimya kimya kwa aibu.

Kuna dawa? Au nimuuze na huyu?

Shamba Langu, Molo
Pole sana mama. Usikimbilie kuuza. Mpe jiwe la chumvi lenye madini, mpe dawa ya minyoo, kisha ukumbuke: aliugua hivi karibuni? Homa kali huua mbegu za dume, na mpya huchukua kama miezi miwili kutengenezwa na kukomaa. Beberu wangu alirudi sawa baada ya muda huo.

Mama Zizi, Emuhaya
Hajaugua tangu mvua za mwaka jana. Chumvi anayo.

Daktari wa Mifugo, Njoro
Mama, jibu kubwa liko kwa huyo mliyemuuza kwa aibu. Yule hakuwa mkosi. Alikuwa na kromosomu, yaani nyuzi za urithi ndani ya seli, za jike, lakini mwili ulijenga viungo vya dume nusunusu. Kwa mbuzi wa asili ya Ulaya, yaani Toggenburg, Saanen na Alpine, hali hiyo husafiri pamoja na kukosa pembe. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa waliionyesha kwenye kromosomu ya 1 ya mbuzi: kipande cha DNA cha herufi kama 11,700 kimekosekana.

Nakala moja ya kasoro hiyo, kutoka kwa mzazi mmoja, inatosha kumwondolea mbuzi pembe, na mbuzi huyo huzaa kama kawaida. Shida ni nakala mbili. Jike mwenye mbili anakuwa huntha, nusu jike nusu dume, kama yule mliyemuuza. Dume mwenye mbili anaonekana dume kamili, ana nguvu, anapanda, ila baadhi yao mirija inayokusanya mbegu kutoka kwenye korodani huziba. Mbegu zinatengenezwa, hazina pa kupita, zinavuja pembeni na kufanya uvimbe mgumu. Mwingine huanza kwa kushikisha wachache, kisha anazimika.

Kwa kuwa baba na mama wa Kipara walizaa huntha, wote wawili walibeba kasoro hiyo. Ikiwa kila mmoja alikuwa na nakala moja, basi kila mtoto wao asiye na pembe ana nafasi moja kati ya tatu ya kuwa na nakala mbili. Kwa hiyo naomba ufanye hivi: mtu amshike vizuri, nawe upapase juu kabisa ya kila korodani. Korodani yenyewe iwe imara na isiyo na mabonge. Ukikuta kitu kigumu kama punje ya mahindi, mwite mhudumu wa mifugo amkinge manii na kuyatazama kwa hadubini. Usiache pia kuuliza kipimo cha ugonjwa wa brusela, maana ugonjwa huo nao huvimbisha korodani na huambukiza watu.

Kipsang wa Mbuzi, Rongai
Daktari, kwa heshima, mimi nina beberu asiye na pembe mwaka wa nne huu na amejaza boma. Tusiwatie watu hofu.

Daktari wa Mifugo, Njoro
Ndugu yangu, huenda wako ana nakala moja tu. Je, kuna watoto wake waliozaliwa na pembe kwa majike wenye pembe?

Kipsang wa Mbuzi, Rongai
Wapo, wengi.

Daktari wa Mifugo, Njoro
Basi ana moja. Mwenye mbili hawezi kuzaa mtoto mwenye pembe. Endelea naye, ila usimpandishe kwa majike wasio na pembe.

Baba Malezi, Kondele
Mama Zizi, mimi sifugi, nimefika hapa kwa kutafuta neno "hazalishi". Nimesoma ulivyolia, na nimeshindwa kupita.

Mke wangu alibeba lawama miaka sita. Shangazi zangu walimpeleka kwa waganga, akanyweshwa mizizi. Mimi nilikuwa mzima, nina ndevu, nafanya kazi, nani angenishuku? Nilipokubali kupimwa hapa Kisumu, mbegu hazikuwepo kabisa. Kipimo cha damu kikaonyesha nina kromosomu za jinsia X mbili na Y moja badala ya X moja na Y moja, yaani jumla 47 badala ya 46. Daktari aliniambia ni kama mwanamume mmoja kati ya 600, na wengi hawajui mpaka watafute mtoto. Nilizaliwa hivyo. Hakuna aliyenifanyia. Niliomba msamaha kwa mke wangu mbele ya shangazi zangu wale wale.

Peleka majibu ya hadubini chamani, uyasome kwa sauti.

Mama Zizi, Emuhaya
Baba Malezi, Mungu akubariki na mama wa nyumbani.

Nimerudi na majibu. Mhudumu wa wadi alikuja Jumanne. Bonge lipo pande zote mbili, la kushoto ni kubwa kuliko punje ya mahindi. Manii ni maji matupu, hakuna mbegu hata moja. Brusela hana. Wale watoto wawili wa Kipara hawana pembe, ingawa mama zao wanazo.

Daktari wa Mifugo, Njoro
Watoto wawili ni wachache kuthibitisha nakala mbili, lakini pamoja na yale mabonge mimi sina shaka. Mrija ulioziba hivyo hauna dawa. Mhasini, mnenepeshe, auzwe kwa nyama. Hao watoto wake wawili wanabeba nakala moja, wanafaa kabisa wakipandishwa na beberu mwenye pembe. Na huyo mpya atoke boma la mbali, asiwe ndugu.

Mama Zizi, Emuhaya
Tumepata wa Maseno, ana pembe hadi mgongoni. Aliyesema mkono mbaya ndiye aliyejitolea kumfuata, na amesema safari hii beberu alale kwake.