Naomba ushauri: hereni za plastiki ya kusinyaa zinatoka umbo la yai

Wadau, naombeni msaada. Watoto wanatengeneza hereni kwa vifuniko vya plastiki namba 6, ile namba ya ndani ya pembetatu; plastiki hii husinyaa ikiokwa. Tunapiga msasa laini, wanachora kwa penseli za rangi, tunatoboa tundu la milimita 6 kabla ya kuoka. Likishasinyaa linabaki kama 2 hivi. Oveni nyuzi 160, dakika 2 hadi 3, madirisha wazi.

Shida ni duara la sentimita 6: linatoka yai, kwani plastiki ilivutwa zaidi upande mmoja kiwandani. Ncha nyembamba nazo hujikunja na kugandana, hapo basi tena.

Je, nioke kwanza kipande cha mraba, nipime kila upande, kisha nirefushe mchoro upande unaosinyaa zaidi? Na ili hereni inyooke, niigandamize kwa nini ikiwa bado ya moto, kigae au ubao?