Naomba ushauri: kaseti za muheme (ngoma za Kigogo wanazopiga akina mama) za marehemu baba niziingizeje kwenye simu?

Habari zenu wakuu. Nikiwa shambani huku Kongwa huwa naiacha simu ichanganye nyimbo yenyewe. Juzi ilitoka kwenye dansi la Mbaraka Mwinshehe ikaangukia kwa Hukwe Zawose, ilimba (ile marimba ya mkono) na ile sauti ya Kigogo, nikasimamisha jembe kabisa.

Zawose alifariki 2003, lakini kazi zake zinapatikana. Akina mama wa kijijini kwetu waliorekodiwa na baba wakipiga muheme hawapo popote isipokuwa kwenye kaseti hizi, na wengi wameshatangulia mbele ya haki. Hilo linaniuma sana.

Kuna fundi mwaminifu Dodoma mjini, au waya wa redio kwenda kompyuta unatosha? Na utepe uliokatika unaungika?