Shamba lipo jirani na kiwanda cha zamani cha kuyeyusha madini ya risasi: nilime au niache?

Mleta mada
Wakuu, naombeni ushauri. Tumepata kipande cha ardhi nyuma ya ukuta wa kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha risasi na zinki, kilifungwa zamani. Mchicha umejiotea wenyewe na umestawi kwelikweli. Ila njia ya kuingilia imejazwa vijiwe vyeusi vinavyong'aa kama chupa, majirani wanasema ni mabaki ya tanuru. Nina watoto wadogo na nataka mboga za kula nyumbani. Mvua za miaka yote hiyo si zimeshasafisha? Nikiosha na kuchemsha haitoshi?

Mpima Udongo
Mkuu, mvua haijasafisha kitu. Risasi hunata kwenye tabaka la juu la udongo na haiozi. Kabwe, Zambia, mgodi na kiwanda cha risasi vilifungwa mwaka 1994, lakini watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye wamekutwa na risasi nyingi kwenye damu.

Kuchemsha kunaua vijidudu, metali haiguswi. Kuosha kunaondoa vumbi lililoshika jani, na hilo ni muhimu, lakini kadimiamu (metali ya sumu inayopatikana pamoja na zinki) iliyopanda kupitia mizizi imo ndani ya jani lenyewe. Huo mchicha usikudanganye: mmea unaweza kubeba kadimiamu ya kumdhuru mlaji na wenyewe usionyeshe dalili yoyote.

Pima kwanza. Chota udongo sehemu nyingi, sentimita 15 za juu, changanya upate sampuli moja. Pale njiani pima peke yake. Waambie maabara unataka risasi, kadimiamu, arseniki na pH (kipimo cha tindikali ya udongo), maana kipimo cha kawaida cha rutuba hakionyeshi sumu hizo.

Mzee wa Jembe
Mnamtisha bure. Watu wanalima maeneo hayo miaka na miaka, nani amekufa?

Mpima Udongo
Mzee wangu, kadimiamu haiui kwa siku moja. Inajikusanya kwenye figo na kukaa humo miaka mingi. Kule Toyama, Japani, watu walikula mpunga uliomwagiliwa maji ya mto Jinzu, yenye kadimiamu ya mgodi wa Kamioka. Figo ziliharibika, mifupa ikalainika na kuvunjika. Serikali ilikuja kutambua chanzo mwaka 1968, watu wakiwa wameteseka kwa miongo kadhaa.

Bustani Yangu
Majibu yakija mabaya kiasi, bado kuna njia. Tengeneza vitanda vya kuinuka, tandika kitambaa kizito chini, jaza udongo safi wa kutoka mbali. Nyanya, bamia na maharage hubeba metali kidogo. Mchicha, spinachi na letusi ndizo za kuogopa kwa kadimiamu. Karoti na viazi vinalala ndani ya udongo wenyewe, kwa hiyo menya. Chokaa ya kilimo nayo inasaidia.

Mpima Udongo
Kweli, chokaa ikipunguza tindikali ya udongo, mizizi hufyonza kadimiamu kidogo. Ila asimwage chokaa kabla ya majibu. Kukiwa na arseniki, chokaa na mbolea ya fosfeti vinaweza kuifungua zaidi kutoka kwenye udongo. Kwa risasi, ajue kwamba Marekani mwaka 2024 ilishusha kiwango cha tahadhari kwa udongo wa makazi kutoka miligramu 400 hadi 200 kwa kilo.

Mama Malezi
Mimi nawawazia watoto kuliko mboga. Mtoto anachezea udongo, anatia vidole mdomoni, na mwili wake unanyonya risasi zaidi ya wa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Wapeleke wapimwe damu, usisubiri majibu ya udongo. Viatu vya shambani vibaki nje.

Mleta mada
Asanteni sana, kupanda nimesitisha. Vile vijiwe niving'oe?

Mpima Udongo
Hapana, usivivunje wala kufagia pakavu, utatimua vumbi. Lowesha, kisha funika kwa tabaka nene la kokoto safi. Watoto wasipite hapo kwa sasa.