Wana wa Pongwe: safari ya Februari

JUMATATU

Zuhura, saa 2:14 usiku
Assalaam aleikum wanandugu. Narudia tena kwa sababu mnasoma na kunyamaza. Adam na familia yake wanatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, Jumapili tarehe 31 Januari, wanaruka kurudi Jumapili tarehe 7. Likizo ya baridi ya shule za Berlin ndiyo wiki hiyo moja, haisogei. Ramadhani nayo inatazamiwa kuandama tarehe 7 au 8. Maana yake tuna Jumatatu mpaka Ijumaa. Naomba mbuga ichaguliwe LEO.

Mjomba Kassim, saa 2:16 usiku
Waaleikum salaam. Mikumi. Kwisha habari.

Mjomba Kassim, saa 2:17 usiku
Wa Dar mnapanda treni ya SGR mpaka Morogoro, nawapokea stesheni, saa mbili baadaye tuko getini. Hakuna kulala njiani.

Zuhura, saa 2:19 usiku
Asante Mjomba. Wengine?

Hemedi, saa 2:40 usiku
👍🏾

Zuhura, saa 2:41 usiku
Hemedi hiyo dole ni ya nini? Ya Mikumi au ya salamu?

Bakari Arusha, saa 3:05 usiku
Shikamoo Mjomba. Nimeshusha wageni sasa hivi. Mikumi naipenda, lakini ni ya Julai hadi Oktoba. Februari bonde la Mkata nyasi zimefika kiunoni na baadhi ya njia za ndani hazipitiki kwa tope. Simba akilala hatua kumi kutoka kwenye gari humwoni. Mtaishia kuangalia malori ya Zambia kwenye lami.

Mjomba Kassim, saa 3:06 usiku
Marahaba. Malori nayo yana rangi nzuri.

Adam Berlin, saa 3:11 usiku
Shikamooni wakubwa. Huku ni nyuzi 6 chini ya sifuri, nasoma nikiwa na glovu 😄 Mama Lina ameona video ya nyumbu wanavuka mto, mamba wanawasubiri. Tunaweza kuipata hiyo?

Bakari Arusha, saa 3:15 usiku
Huo ni mto Mara, kaskazini kabisa karibu na mpaka wa Kenya, Julai mpaka Oktoba. Ukienda Februari unaukuta mto na mamba, nyumbu hakuna. Wakati huo wako kusini mwa tambarare za Serengeti, Ndutu, kwenye nyasi fupi. Wanazaa. Karibu asilimia 80 ya majike huzaa ndani ya wiki tatu hivi, mwishoni mwa Januari mpaka Februari. Ndama anasimama dakika chache baada ya kudondoka, na fisi wanalijua hilo. Duma pia. Kwa watoto hakuna mahali pazuri kuliko hapo mwezi huo.

Ramla, saa 3:18 usiku
Na Tarangire? Karibu na Arusha, na tembo wamejaa.

Bakari Arusha, saa 3:24 usiku
Tembo wanajaa kiangazi kikuu, maji yakibaki mtoni tu. Mvua za vuli zikishanyesha wanyama wengi wanatoka nje ya hifadhi, wanakwenda tambarare za Simanjiro. Mnabaki na mibuyu na mbung'o. Ruaha ndiyo kabisa: kule mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, hakuna kiangazi kidogo cha Januari na Februari kama huku kaskazini. Watu wanadhani nchi nzima ina vuli na masika. Hapana.

Mjomba Kassim, saa 3:26 usiku
Nyumbu anazaa Februari, mimba ya miezi minane na ushee. Hesabu nyuma. Yaani wanashikana Mei, Juni, wakiwa safarini, wanatembea! Na sisi tunalalamika hatuna nafasi.

Zuhura, saa 3:26 usiku
Mjomba kuna watoto humu.

Mjomba Kassim, saa 3:27 usiku
Hao watoto ndio ushahidi.

Hemedi, saa 3:31 usiku
😂😂😂

Zuhura, saa 3:33 usiku
Basi tuseme Ndutu. Anayepinga aseme kabla ya kesho adhuhuri. Kambi za msimu pale zinafungwa mwezi Machi na hiyo wiki inajaa mapema, wanataka arubuni kabla ya Ijumaa. Bakari tuma mchanganuo.

Ramla, saa 3:47 usiku
Arubuni inakusanywa na nani? Nauliza tu.

Zuhura, saa 3:48 usiku
Na mimi.

Ramla, saa 3:48 usiku
Sawa. Kama ile safari ya Saadani.

Mjomba Kassim, saa 3:49 usiku
Jamani Saadani isiguswe, mimi nina presha.

JUMANNE

Bakari Arusha, saa 12:50 asubuhi
Asalaam aleikum. Nimekaa na hesabu. Kwa bei zilizopo sasa, Ngorongoro, maana kambi ya Ndutu tunayoitaka iko upande huo, mgeni mtu mzima ni dola 60, ukiweka VAT ya asilimia 18 inakuwa 70.80. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 ni dola 20, inakuwa 23.60. Chini ya miaka 5 bure. Raia wa Afrika Mashariki mtu mzima shilingi 11,800 VAT ikiwemo. Yote ni kwa saa 24 tangu mlipogonga muhuri getini Loduare, si kwa siku ya kalenda. Hapo ndipo watu wanapoumia.

Mjomba Kassim, saa 1:02 asubuhi
Adam, wewe bado ni wa shilingi au umeshakuwa wa dola?

Adam Berlin, saa 1:30 asubuhi
Wa dola Mjomba. Tangu mwaka jana.

Adam Berlin, saa 1:31 asubuhi
Wajerumani siku hizi wanakubali pasi mbili. Nyumbani ndiyo bado.

Ramla, saa 1:34 asubuhi
Na ile nyumba ya Pongwe bado iko jina la Adam? Maana sheria ya ardhi kwa asiye raia ni nyingine.

Zuhura, saa 1:35 asubuhi
Ramla. Tunazungumzia mbuga.

Ramla, saa 1:35 asubuhi
Na mimi nauliza nyumba.

Ramla, saa 1:38 asubuhi
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Bakari Arusha, saa 1:52 asubuhi
Naendelea. Adam, mama Lina, Lina miaka 9, Idi miaka 4. Kila saa 24 ni dola 165.20. Mara tatu ni 495.60, mara nne ni 660.80. Kwa hiyo msiingie getini asubuhi. Jumatatu mnalala Karatu, Jumanne mnakula chakula cha mchana hapo hapo, saa 7 mnaondoka, saa 8 kamili muhuri. Kutoka Loduare mpaka Ndutu ni saa tatu za barabara ya mawimbi, saa 11 mko kambini jua bado lipo. Ijumaa mna ruhusa mpaka saa 8 mchana. Mkipitisha dakika, wageni wanalipa siku ya nne.

Zuhura, saa 1:55 asubuhi
Na kreta ya Ngorongoro?

Bakari Arusha, saa 2:03 asubuhi
Kreta Ijumaa hiyo hiyo. Kutoka Ndutu saa 12 asubuhi, saa 2 mko Seneto, pale ni kushuka tu. Kupanda ni njia ya Lerai. Saa 6 na nusu muwe juu, saa 7 na nusu Loduare. Kibali cha kushuka ni cha gari, si cha kichwa: gari la kampuni dola 295 VAT ikiwemo, awe ndani mtu mmoja au saba. Magari mawili ni 590. Ushauri wangu gari moja lishuke, la wageni na watoto. Wengine wabaki ukingoni, pale juu unaona kreta nzima. Ila mjue chini hakuna twiga, anayetaka twiga atamwona njiani.

Mjomba Kassim, saa 2:05 asubuhi
Yaani dola 295 kuteremka mlima, na kupanda ni bure. Kaburini tu ndiko kuna bei hiyo.

Hemedi, saa 2:06 asubuhi
😂

Zuhura, saa 2:09 asubuhi
Kwa nini magari mawili? Moja kubwa haliwezi?

Bakari Arusha, saa 2:20 asubuhi
Mko 11. Land Cruiser ndefu ina viti saba vya abiria, sita ndiyo starehe. Lakini sababu kubwa ni tope. Februari mvua ya saa moja ikipiga Ndutu, udongo mweusi unajaza meno ya tairi, tairi linakuwa kama kipara. Ukiongeza mafuta linachimba mpaka difu, lile bonge la ekseli chini ya gari, inakaa chini. Jeki ukiiweka kwenye tope inazama yenyewe na gari halinyanyuki, ndiyo maana tunabeba ubao mnene wa futi mbili wa kuweka chini ya jeki. Gari la pili likiwepo unavutwa kwa dakika kumi. Likikosekana unakaa kusubiri msamaria, na simba wako hapo hapo. La pili linabaki nyuma kwenye ardhi ngumu, haliji ubavuni. Likija ubavuni yanakwama yote mawili.

Mjomba Kassim, saa 2:22 asubuhi
Niwekeni gari la pili. Nikikaa la kwanza difu itakaa chini hata pakavu.

Adam Berlin, saa 2:40 asubuhi
Kaka Bakari, mama Lina anauliza, hapo tutakuwa tumeingia Serengeti? Anataka Serengeti.

Bakari Arusha, saa 2:51 asubuhi
Tambarare ni ile ile, mpaka ni jiwe tu. Kambi tunayoitaka iko upande wa Ngorongoro. Mkivuka kwenda Naabi, geti la Serengeti, mnalipa Serengeti juu yake, dola 70, na VAT 82.60 kwa mtu mzima. Nyumbu wakiwa upande huo tutavuka siku moja, wakiwa huku hakuna haja. Mvua ndiyo inayoamua. Januari ikiwa kavu wanasogea kwenye miti, magharibi. Siwezi kumwahidi mtu leo.

Adam Berlin, saa 2:53 asubuhi
Nimemwelewesha. Anasema sawa, lakini kwenye picha aandike Serengeti.

Adam Berlin, saa 2:54 asubuhi
Nguo?

Bakari Arusha, saa 3:10 asubuhi
Msije na buluu iliyokolea wala nyeusi, zinavuta mbung'o. Ukingo wa kreta ni mita 2,300 hivi, usiku na alfajiri baridi, hayo makoti ya ndege msiyafungie begini. Mifuko ya plastiki acheni huko huko. Chakula chini ya kreta mle ndani ya gari. Pale Ngoitokitok, mahali pa kupumzikia, mwewe anachukua paja la kuku mkononi, na kucha zake zinachana.

Mjomba Kassim, saa 3:12 asubuhi
Mwewe akichukua kuku wangu nashuka naye tugombane.

Zuhura, saa 3:15 asubuhi
Adam ndege ipi? Ukipitia Addis na kukaa zaidi ya saa 12 utadaiwa cheti cha homa ya manjano.

Zuhura, saa 4:30 asubuhi
Adam?

Zuhura, saa 7:02 mchana
Adhuhuri imepita. Ndutu imepita. Arubuni: kila mtu mzima atume kabla ya Alhamisi jioni, ninaandika majina hapa hapa kila aone. Kadi ya NIDA, kitambulisho cha taifa, mje na yenyewe, si picha ya simu. Getini hawataki taslimu, Bakari atatoa namba ya malipo mapema tulipe benki, maana mtandao ukilala pale Loduare mtasimama mpaka uamke.

Hemedi, saa 7:20 mchana
Nimetuma.

Zuhura, saa 7:21 mchana
Hemedi Mungu akuzidishie. Mmoja.

Amina (simu ya Bibi), saa 10:44 alasiri
Shikamooni. Bibi kasomewa yote. Kasema niandike kama alivyotamka, nisipunguze:

"Nimesikia Ndutu, nimesikia shimo. Magoti yangu nayajua mwenyewe, nitakaa ukingoni, msinililie. Lakini gari langu la kutoka Tanga linapita Moshi, na Rukia yuko Moshi. Sipandi gari linalopita mlangoni kwa mwanangu bila kusimama. Akitaka kuja atakuwa na kiti. Nyumba ya Pongwe ina mwenyewe, na mwenyewe bado anapumua. Neno lake nitalisema mimi, nyumbani, si kwenye simu. Na tarehe 7 magharibi nataka niwe barazani kwangu natazama mwezi."

Mjomba Kassim, saa 10:58 alasiri
Tumesikia mama.

Adam Berlin, saa 11:03 jioni
Tumesikia Bibi. Shikamoo.

Hemedi, saa 11:10 jioni
🙏🏾

Zuhura, saa 12:20 jioni
Nimemwongeza Shangazi Rukia humu.

Zuhura amemwongeza Shangazi Rukia

Bakari Arusha, saa 12:41 jioni
Shikamoo Shangazi. Karibu sana. Kuhusu Bibi: Arusha mpaka Tanga ni kama kilomita 435, kwa mwendo wake na kusimama kuswali tuweke saa tisa. Aondoke Arusha Jumamosi alfajiri, asisubiri kusindikiza ndege ya Jumapili. Na tukiwa 12 magari yanakaa sita sita, sawa.

Mjomba Kassim, saa 12:44 jioni
Rukia karibu. Mimi niko gari la pili, lina nafasi ya kicheko.

Ramla, saa 1:15 usiku
Karibu Shangazi.

JUMATANO

Zuhura, saa 3:00 asubuhi
Waliotuma: Hemedi, Ramla, mimi na baba Faraji. Mjomba bado. Adam nasubiri jibu la Addis. Shangazi Rukia naona umesoma, tukuhesabu? Hema lenye choo ndani ni la Bibi na wewe, kama unakuja. Usipokuja atalala na Amina, vitanda vinabadilika. Nyama ya halali Bakari amesema tununue Karatu wenyewe, mpishi wa kambi akubali kwanza.

Mjomba Kassim, saa 3:20 asubuhi
Natuma leo. Mtandao wa pesa unazunguka.

Adam Berlin, saa 5:09 asubuhi
Samahani, nilikuwa kazini. Addis saa 13 na dakika 20 kwenda, nne kurudi. Kwa hiyo tuchanje? Kuna ya Doha lakini ni ghali zaidi kwa watu wanne.

Bakari Arusha, saa 5:31 asubuhi
Kwa saa 13 chanjeni, na iwe siku 10 kabla ya kufika. Idi muulize daktari wenu. Au badilisheni ndege. Mwenye gari la pili anataka jibu Ijumaa mchana, baada ya hapo analitoa kwa wengine.

Salma Muscat, saa 11:50 jioni
Nimesoma yote sasa hivi, kazi zimenibana. Ndutu safi. Na mimi na Yusra tunaweza kufika KIA Jumatatu asubuhi. Nafasi ipo? Tutakuwa 14 sasa, au Mjomba ahesabiwe wawili?

Zuhura, saa 11:52 jioni
Salma!! Ulikuwa wapi tangu juzi? Bakari, 14 inakaaje?

Bakari Arusha, saa 12:30 jioni
Saba saba, mabegi yapande juu, au gari la tatu. Mabegi juu kwa vumbi la Ndutu sipendi. Naomba kwanza mnihakikishie Shangazi.