Mshubiri na lili: paka atapona hapo?

kijani_kibichi: Habari wadau. Kando ya kibaraza nataka kupanda mshubiri na lili, na paka hushinda hapo hapo. Vina madhara kwake? Nikizungushia wavu itatosha?

daktari_mifugo: Mkuu, hiyo mimea usiipime kwa kipimo kimoja.

Mshubiri una sumu, ila si ya kuua haraka. Shida iko kwenye utomvu wa manjano unaochuruzika chini ya ganda jani likikatwa; ule ute angavu wa katikati hauna neno sana. Paka akitafuna hutapika na kuharisha, na kinachotisha hapo ni kuishiwa maji, hasa akiwa mdogo. Weka kwenye chungu cha kuning'iniza, yatosha.

Lili ndiyo kesi. Kama ni Lilium (lili halisi) au Hemerocallis (ile ambayo kila ua hudumu siku moja tu), usipande. Jani, ua, shina, kitunguu chake, hata maji ya chombo cha maua, vyote vinaua figo za paka. Wavu hausaidii: ule unga wa chavua ukimdondokea mgongoni, akijilamba kazi imekwisha.

mche_mmoja: Hapo kwenye jina watu huchanganyikiwa. Spathiphyllum nayo huitwa lili, yenye ua jeupe kama kijiko, lakini haigusi figo. Ina fuwele za kalisi oksaleti zinazochoma mdomo: paka atatoa mate, atajisugua uso, pengine atatapika. Gloriosa, mtambaaji wenye petali nyekundu na njano zilizopinda juu, ina sumu iitwayo kolchisini, na kiazi chake ni kikali kupita kiasi. Hiyo ng'oa.

kijani_kibichi: Asanteni. Na akishakula lili halisi?

daktari_mifugo: Usingoje dalili. Mtoe mabaki mdomoni, futa chavua kwa kitambaa chenye maji huku ukimzuia asijilambe, kisha mkimbize kliniki pamoja na kipande cha mmea. Usimtapishe kwa chumvi wala haidrojeni peroksaidi, na usimpe parasetamoli. Hiyo peke yake inaua paka.

Wengi wanakosea hapa: paka hutapika saa chache za mwanzo, halafu anatulia, mwenyewe anasema "kapona". Wakati huo figo zinazidi kuharibika, na kati ya siku ya 1 na ya 3 zinagoma, mkojo unakatika. Dripu ikianza ndani ya saa 18 tangu ale, matumaini ni makubwa. Huwekwa siku 2 hadi 3, na damu inapimwa kuangalia kreatinini, taka ambayo figo huichuja.

mche_mmoja: Ukitaka rangi bila presha, panda alizeti, zinia au waridi (angalia miiba tu). Kwa harufu, mrihani na rozimari. Na mpandie kisahani cha ngano changa, akatafune hiyo.